Safu ya Waliowasili

Baba hakununua daftari. Alichukua rejista ya reli,
ile ndefu, yenye jalada la buluu lililopauka:
safu ya kushoto WALIOWASILI, ya kulia WALIOONDOKA,
akahesabu ndege kama alivyohesabu mabehewa.
Muthurwa, ngazi ya nyuma, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi,
kikombe juu ya ukuta, penseli nyuma ya sikio.

*Mbayuwayu: mia mbili na kumi na wanne.*
*Teleka: nimejaribu mara tatu. Tuseme mia nne.*
*Keremkerem kwenye waya wa simu: kumi na mmoja.*
*Mmoja ana nyuki mdomoni, anampigapiga wayani*
*kama mama afuaye soksi.*
Hiyo ni Novemba ya sabini na tatu.
Usiku mvua ilinyesha; kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi
tukawagombania, sisi na ndege,
sisi kwa sufuria, wao kwa midomo.
Walitushinda, na bado tulishiba.

Agosti themanini na mbili ni nafasi tupu.
Pembeni, kwa herufi ndogo: *Kafyu. Risasi. Sikutoka.*
Hapo ndipo aliponionya:
nafasi tupu maana yake mimi sikuja,
sufuri maana yake ndege hakuja.
Usivichanganye, Khasandi.
Sufuri nayo huandikwa, tena kwa mkono uliotulia.

Sasa mwandiko ni wangu. Ngazi ni ile ile,
ila ukuta umepandishwa, na anga imepunguzwa kipande.
Mia mbili zikawa mia na themanini. Hakuna aliyeshtuka.
Mwaka wa ukame, tukalaumu ukame.
Mia na thelathini: tukalaumu barabara mpya,
dawa ya sukuma wiki kule mtoni, taa zisizolala.
Tisini.
Arobaini na watatu.
Kupungua hakupigi hodi.
Kila mwaka hufanana na uliopita, kasoro kidogo,
na hicho kidogo ndicho kilichotumaliza.

Ndugu yangu Mukhebi huosha malori Eneo la Viwanda.
Zamani lori likifika alfajiri kutoka Mtito
alikwangua kioo kwa wembe na mafuta ya taa:
mbawa, miguu, ute wa manjano,
nondo waliobanduka vipande kama stempu kuukuu.
"Siku hizi kitambaa kimoja, dada. Nusu ndoo."
Anafurahi, mgongo wake umepumzika.
Maneno yake nimeyatia kwenye safu ya kulia.

Wengine huniambia, nenda Ruai, kwenye mabwawa ya majitaka,
huko inzi hawajaisha.
Nilikwenda. Ni kweli. Wamejaa, wanachota hewa
juu ya uvundo wetu, na nilisimama nimeziba pua, nikilia kwa raha.
Lakini Ruai si ngazi yangu.
Rejista haikubali ndege wa kuazima.

Wala sitaki kuidanganya. Nina miaka sitini na miwili.
Sikio la kulia halikamati tena sauti nyembamba;
shakivale anaweza kuimba juu ya kilemba changu
nami nikamwandikia sufuri.
Ni yeye aliyeondoka, au ni mimi?
Basi nimemwajiri Mutheu wa mlango wa pili,
miaka kumi na mmoja, mshahara mandazi mawili.
Yeye husikia, mimi huandika.

Jumamosi hii alishika kidole changu, akanong'ona, kisha akashindwa kunong'ona:
"Tisa! Mbayuwayu tisa! Leo ni wengi!"
Ulimi wangu ulikuwa na mia mbili na kumi na wanne.
Niliumeza pamoja na chai.

*Tisa*, nikaandika. Na pembeni, kwa herufi ndogo,
kwa sababu hiyo pia ni hesabu:
*Mutheu anasema ni wengi.*